Jiko la Mama



Mabibi harusi wanaokuja kupimwa kwetu wana mtindo mmoja. Tukishamaliza kifua, kiuno na urefu wa mkono, simu inatoka kwenye mkoba na tunaonyeshwa jiko. Makabati meupe, kaunta nyeusi inayong'aa, taa zinaning'inia. "Mimi jiko langu nataka liwe hivi." Tunasema mashallah, tunaandika vipimo kwenye daftari, na sisi wawili tunatizamana. Habari ya jiko letu hatujawahi kuisimulia nje ya mtaa. Leo tutaisema yote, na pale tulipokosea pia.

Sisi ni mawifi. Mmoja ni binti wa nyumba, mwengine ni mkaza mwana wa nyumba hiyo hiyo, mzaliwa wa Unguja. Tulikutana kwenye kozi ya ushonaji baada ya skuli, tukagombania cherehani moja mbovu, tukapatana, kisha mmoja akamtafutia mwenzake mume kwa kaka yake mwenyewe. Sasa tuna fremu ndogo Kariakoo, vyerehani vinne, tunashona magauni ya harusi, mabuibui na sare za madrasa. Nyumbani ni mwendo wa dakika sita kwa miguu, labda kumi siku ya Jumamosi kwa msongamano.

Nyumba yenyewe ni nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, unatokea uani. Uani ndiko kuliko jiko, stoo, bafu na choo. Ilijengwa zama za Mwingereza kwa nguzo za mikoko na fito, ikajazwa mawe madogo na udongo, juu ikapigwa lipu. Marehemu baba mkwe aliinunua mwaka 1974. Zamani mitaa hii ilijaa nyumba za namna hiyo. Sasa ukisimama barazani kwetu unaona maghorofa pande tatu na jua linaingia uani saa mbili tu kwa siku. Wageni wanapouliza Kariakoo maana yake nini tunawaambia ni Kiingereza kilichogeuka, Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa na kambi hapa. Jina limewashinda maisha watu wote waliolisababisha.

Jiko la Mama lilikuwa chumba cha hatua tano kwa nne, bati juu, dirisha moja dogo kama la kibanda cha njiwa. Meko mawili ya mkaa, mafiga matatu ya kupikia shughuli, na ukuta mweusi kama sufuria. Mama akipika anakohoa, akikohoa anacheka, anasema moshi ni dawa ya mbu. Mei 2024 Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo, tulimsomea habari ile kwenye simu. Akajibu, "Basi bado nina miaka kumi."

Hatukuwa na miaka kumi. Mdogo wetu, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa ameshaposwa na nikaha imepangwa Shaaban. Wageni wangekuja kutoka Unguja, Tanga na Muscat. Na tuseme ukweli, mbele ya Mama Mungu atusamehe, tulikuwa tunaona haya. Tulitaka wakwe wakija uani waone jiko la watu wanaoshonea mabibi harusi wa mji mzima.

Pesa tulikuwa nazo. Tulikuwa kwenye mchezo wa wanawake kumi na wawili, kila mmoja laki mbili kwa mwezi, na zamu yetu iliangukia Oktoba: milioni mbili na laki nne taslimu, bila riba ya mtu. Mwisho wa mwezi ule Mama akaitwa Unguja, dada yake anaumwa. Akaaga kwa wiki tatu. Tukamsindikiza Kivukoni kwenye boti, tukampungia mkono mpaka ikapotea, na kabla hatujafika Mnazi Mmoja tulikuwa tumeshampigia fundi.

Hapo ndipo kosa letu. Hatukumwambia. Tuliita "kumfurahisha".

Fundi alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, akasema siku tano. Lipu ya zamani itoke, ipigwe mpya ya saruji, marumaru mpaka juu, kaunta ya zege, sinki, mtungi wa gesi chini ya kaunta. Tukamwambia anza. Siku ya kwanza tindo ilipoingia, lipu ilitoka kama ganda la yai, kipande kizima kizima, na nyuma yake hamkuwa na ukuta tuliouzoea. Fito zilikuwa zimeliwa na mchwa, udongo umelainika, unautia kidole unaingia. Fundi alisema si kitu, saruji itashika.

Baadaye tulifundishwa kilichokuwa kimetokea, na tunakuelezeni kwa sababu wengi wenu mtaolewa katika nyumba za namna hii, za udongo au za mawe ya Mji Mkongwe. Ukuta wa zamani unapanda unyevu kutoka ardhini, umejengwa hivyo. Unyevu huo hutoka nje kupitia lipu ya chokaa, kwa kuwa chokaa inapitisha pumzi. Miaka ya themanini mtu alikuja akaubandika ukuta wetu saruji, kwa nia njema, upate kung'aa. Saruji haipitishi. Maji yakakaa ndani miaka arobaini, udongo ukaoza taratibu, mchwa wakapata karamu. Nje ukuta ulionekana mzima kwa sababu saruji ilikuwa imesimama yenyewe kama buibui lisilo na mtu ndani. Na sisi tukataka kumvisha jingine juu yake!

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza. Tuliuacha ukuta uchi, tukaufunika turubai. Usiku wa siku ya nne ikanyesha kwa saa tatu. Tumeshaswali Isha, tumekaa ukumbini tunashonelea shanga za watu, tukasikia kitu kama gunia la mchele linaangushwa. Kisha kimya. Kisha jirani akaita jina la mumewe.

Ule ukuta wa jiko ndio mpaka wetu na uani kwa jirani. Ulilala upande wake wote, urefu wa mtu na nusu. Mahali ulipolala ndipo anapokaa kila siku kuanzia saa kumi ya alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, yeye na mjukuu wake wa miaka saba anayemshikia bakuli. Kikaango chake tulikiona chini ya udongo, kimepindana. Ilikuwa saa tatu usiku. Alhamdulillah ilikuwa saa tatu usiku. Hatukulala, na hatukuweza kuzungumza sisi kwa sisi mpaka adhana ya alfajiri. Tuliposikia adhana ndipo tukalia, kwa maana ndiyo ile saa yake.

Asubuhi tulimpigia Mama. Tulimweleza kwa zamu, mmoja akikwama mwengine anapokea. Hakusema neno. Akauliza tu, "Jirani mzima?" Tukasema mzima. "Mtoto?" Mzima. Akakata simu. Keshoye akapanda boti.

Tulimpokea Kivukoni na hatukujua tuweke wapi macho. Teksi ilipita Barabara ya Sokoine, mbele ya Boma la Kale. Mnalijua, lile jengo la mawe ya matumbawe la zama za Sayyid Majid, miaka ya 1860, Dar es Salaam hii ilipokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. Mama akamwambia dereva apunguze mwendo. Akalitizama kwa dirisha. "Hili lina miaka mia na nusu limesimama," akasema. "Langu mmeliangusha kwa siku nne." Ndilo neno pekee alilotuambia mpaka nyumbani, na hakulirudia tena, wala hakuna siku tuliyosahau.

Alipofika hakwenda kwetu. Alikwenda kwa jirani kwanza, akakaa naye saa nzima. Alipotoka alituita akatuambia: mtamnunulia kikaango, mtamlipa siku zote asizouza, na mtamwomba radhi nyinyi wenyewe kwa vinywa vyenu. Tulifanya. Jirani alitupokea kwa chai. Na kwa kuwa hatukuwa na jiko, kwa wiki saba tulizofuata tulipika kwake. Mwanamke tuliyekaribia kumuua alitupa nusu ya meko yake. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi aongeze maji awakumbuke jirani zake, tuliyasoma hayo madrasa tukiwa wadogo, tukidhani sisi ndio siku zote tutakuwa wenye sufuria.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba, Mama bado hajaamua ukuta ufanyweje, ghorofa likaanguka Kariakoo asubuhi na watu wamo ndani. Mnakumbuka. Tulifunga fremu. Siku kadhaa mtaa ulikuwa wa ving'ora na vumbi na watu wamesimama wanasubiri majina. Allah awarehemu waliofariki na awape subira wao. Hatutafananisha ukuta wetu wa udongo na msiba ule. Ila tangu siku ile, mtu akisema "haina neno, itashika", tunamtaka asimame kwanza atueleze itashika kwa nini. Sisi wa visiwani tulipaswa kujua mapema: Beit el Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na mafundi wakafia humo. Nyumba ya zamani huwa hatarini zaidi siku inapoguswa.

Mama ndiye aliyemleta fundi wa pili, mzee kutoka Unguja aliyezeekea kwenye kuta za Mji Mkongwe. Siku ya kwanza hakushika mwiko. Alisimamisha mirunda chini ya bati, akaagiza pipa la maji na chokaa, akaizima. Mnaojua mnajua: chokaa ikikutana na maji huchemka yenyewe, inatoa mvuke kama sufuria ya viazi. Alitukataza kusogea bila glavu, maana inachoma mkono na jicho inalipofua. Kisha akaifunika akaondoka, wiki tatu. Sisi tulikuwa tunahesabu siku za harusi, yeye anasema chokaa haijaiva. Tulidhani anatuzungusha. Kumbe chokaa changa ikipigwa ukutani inatoa malengelenge baadaye.

Ukuta mpya aliujenga nguzo zile nzima zilizobaki, akabadilisha zilizooza, akarudishia mawe na udongo, chini akainua msingi wa mawe ili maji yasipande kwa pupa. Lipu akapiga tabaka tatu, chokaa moja kwa mchanga tatu, nyembamba nyembamba, kila tabaka likifunikwa magunia mabichi lisikauke haraka. Sisi kazi yetu ikawa kumwagia maji magunia kabla ya kwenda kazini na baada ya Magharibi. Ni kazi ya kipumbavu kuitazama, na tuliipenda.

Sasa kuhusu zile picha za kwenye simu. Tulikuwa bado tunataka marumaru. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kinu changu mtakitwangia wapi?" Hatukuwa tumefikiria. Twanga kisamvu juu ya marumaru uone kama haitapasuka siku ya pili. Basi kona moja ya sakafu imeachwa zege tupu, nene, hatua moja kwa moja, na kinu kimekaa hapo kama mfalme. Marumaru ziko nyuma ya sinki tu, kwenye kiukuta kipya cha tofali kinachohimili maji. Kuta nyingine ni chokaa nyeupe isiyong'aa, kila mwaka tutaipaka upya. Dirisha tumepanua na kuongeza tundu za hewa juu na chini, na hizo za chini musizidharau: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, haipandi. Mtungi wenyewe haukai tena chini ya kaunta kama alivyotaka yule fundi wa kwanza. Uko nje ukutani ndani ya kizimba cha nondo, mpira unapita ukutani. Na meko ya mkaa tumeyahamishia upande wa pili wa uani chini ya kibanda, mbali na gesi, kwa ajili ya pilau ya shughuli. Mama alikubali gesi kwa sharti hilo la mkaa. Siku ya kwanza alichemsha chai, akasema haina ladha. Siku ya nne tulimkuta anapika mchuzi wa pweza na redio imewashwa. Kukohoa kumepungua, hajakiri.

Tumefika kwenye jambo ambalo lilitusumbua zaidi ya ukuta.

Nyumba si yetu. Baba mkwe alifariki mwaka 2009 na mirathi haikugawiwa. Si kwa ugomvi, kwa mapenzi tu: nani amwambie Mama tugawane nyumba unayolala? Fundi alipoomba malipo ya pili tukapiga hesabu, tumeshatumia milioni tatu na zaidi, na mmoja wetu ana thumni ya nyumba, mwengine hana hata kokoto. Hesabu yake ni nyepesi kwa bahati. Mke mwenye watoto anapata thumni. Zinabaki sehemu saba, na watoto ni wanaume wawili na mabinti watatu, kila mwanamume sehemu mbili, kila binti moja. Moja ya Mama, nne za kaka, tatu za mabinti, jumla nane. Tunaijua kwa kichwa tangu utotoni na hatujawahi kuiandika popote.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat. Kuna mtu ameshamfuata: mtoe kiwanja, tuangushe, tupandishe ghorofa, nyinyi mpewe fremu mbili za chini na vyumba juu. Si ofa ya kuchekwa, kwa Kariakoo fremu mbili ni maisha ya watoto. Tulipompigia kwa video kumwonyesha ukuta mpya alisema, "Mnampaka maiti poda." Iliuma. Lakini alikuwa na haki ya kukasirika kwa jambo moja: sehemu mbili kati ya nane ni zake na hatukumuuliza.

Tulikwenda kwa ustadhi wetu. Hakutupa fatwa ndefu. Alisema mali ya warithi haiguswi bila idhini yao, hata kwa kuitengeneza. Ombeni radhi kwa lililopita, kisha semeni wazi pesa zenu ni zawadi au ni deni, na muandike. Akatuhimiza pia watu waende Mahakama ya Mwanzo wakateue msimamizi wa mirathi, kwani miaka kumi na tano ni mingi.

Zawadi au deni! Tulibishana wiki nzima, na hapo "sisi" ilitaka kupasuka. Binti wa nyumba aliona haya kumdai mama yake. Mkaza mwana aliona, na ilikuwa vigumu kulisema, kwamba ikija siku ghorofa likapanda, yeye jasho lake limezikwa chini ya zege na jina lake halimo. Mume wake alisema "changu ni chako", neno tamu, lakini halikuandikwa mahali. Mabibi harusi, hapa tuwieni radhi tukisimama kidogo: picha za makabati mnazo, je, mmewahi kuuliza ukuta utakaobeba makabati hayo ni wa nani?

Mwisho tuliandika hivi. Laki tisa za fundi wa kwanza na fidia ya jirani ni kosa letu, hatumdai mtu. Sinki, gesi na marumaru ni zawadi kwa Mama. Ukuta, milioni moja na laki nane, ni deni la nyumba: nyumba ikiuzwa au ikijengwa upya, litolewe kabla ya kugawana, nusu kwa kila mmoja wetu. Warithi wote sita walikubali, wa mbali kwa ujumbe wa sauti, wa karibu kwa saini. Mama alisaini kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni, akatucheka namna tulivyotoka jasho.

Nikaha ilisomwa Februari, alasiri ya Ijumaa. Kaka wa Muscat alifika siku mbili kabla. Mzigo haujashushwa vizuri alikwenda uani, akasimama katikati ya jiko, akaugonga ukuta kwa kidole kama yule fundi wa kwanza. Haukutoa sauti ya utupu. Akaweka kiganja kizima, akasema, "Wa baridi." Tukamwambia chokaa ndivyo ilivyo. Jioni ile alikaa na Mama muda mrefu na mlango umefungwa. Mtu wa ghorofa bado anapiga simu, na tarehe ya kwenda Mahakama ya Mwanzo tumeshapanga, baada ya Idi.

Siku ya harusi jirani alikuja alfajiri na kikaango kipya, akakaanga vitumbua upande wetu maana nafasi ni kubwa. Pilau ilipikwa kwenye kibanda. Saa nne Mama alikuwa kwenye kona yake anatwanga thomu na tangawizi, nguo ya harusi amefunika khanga isichafuke, na kaka yetu amesimama mlangoni na sahani mkononi anauliza ukoko umewekwa wapi.